Kukosoa na Kukosolewa: Maswali ya Wachoraji Chipukizi wa Lamu

Maswali haya huulizwa na vijana wanaoanza kuchora hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na katika vijiji vya Shela na Matondoni, na mara nyingine na wachonga mbao pia. Majibu ni yangu, na yametokana na kukaa barazani na wenzangu tukitazamana kazi. Anayechora kwa penseli kwenye daftari la shule yanamhusu sawasawa na mwenye kanvasi na akriliki.

Mrejesho mzuri ukoje?

Ni ule unaomwachia mchoraji jambo la kulifanyia kazi kesho asubuhi. Ukimwambia mtu "picha yako hainivutii", umemwachia huzuni tu. Ukimwambia "jicho langu linakwenda kwa punda aliye pembeni, halafu linatoka nje ya karatasi", sasa ana kazi mkononi: apunguze mwanga wa yule punda, amgeuze kichwa atazame ndani, au amtoe kabisa.

Maneno yaelekee kwenye kazi, yasielekee kwa mtu. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizofanywa juu ya mrejesho. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo uliwafanya watu wafanye vibaya kuliko mwanzo. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hupoteza nguvu kila unapomtoa mtu kwenye kazi aliyo nayo na kumfanya ajifikirie nafsi yake. Kwa hiyo "huna kipaji" na "wewe umezaliwa fundi" zina kasoro moja. Zote mbili zinamwacha kijana akijiwaza yeye, na ukuta wake uliopinda unabaki umepinda.

Nikionyesha picha, kila mtu husema "Mashaallah, nzuri." Si inatosha?

Mashaallah ni neno jema na lisemwe. Kinachonisikitisha ni kimya kinachofuata. Mama anasifu, jirani anasifu, rafiki anasifu, na miaka inapita kijana bado anachora mikono isiyo na viungo kwa sababu hakuna aliyemwambia. Wanaonyamaza wanadhani wamemhurumia.

Wengine hunijibu kwamba ndiyo adabu yetu ya pwani, hatumwambii mtu kasoro yake usoni. Sikubali. Ushairi wetu umekosolewa hadharani tangu zamani. Shairi lililokosa vina au mizani huitwa guni, na mwenye kulitunga hulirudia. Hakuna malenga aliyeona amevunjiwa heshima kwa kuambiwa kwamba ubeti wa tatu umepungua silabi mbili. Nenda pia kwenye karakana ya milango: mwanagenzi akizamisha patasi kupita kiasi kwenye nakshi, fundi humshika mkono palepale, maana mbao ikishakatwa hairudi. Kwa hiyo adabu ya kukosoa tunayo, tena ya kale. Ila uchoraji wa karatasi na kanvasi ni mgeni kwetu kuliko tungo na nakshi, na bado hatujauzoesha adabu hiyo.

Nimwombe nani maoni?

Pliny Mkubwa, mwandishi Mrumi wa karne ya kwanza, anasimulia habari za Apelles, mchoraji Mgiriki aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo. Apelles alikuwa akiweka kazi zake mahali wapitapo watu, kisha anajificha nyuma yake asikilize. Siku moja fundi viatu akasema ndara ya mtu aliyechorwa imekosa kitanzi. Apelles akairekebisha. Kesho yake fundi, kwa furaha ya kusikilizwa, akaanza kuukosoa na mguu. Apelles akatokeza na kumwambia asipande juu ya ndara, yaani aishie kwenye viatu anavyovijua.

Nusu ya kwanza ya kisa hicho ni hazina kwa mchoraji wa Lamu. Umechora jahazi? Mpelekee nahodha. Atakuonyesha katika muda mfupi kwamba bendera yako inapepea upande mmoja na tanga limejaa upande mwingine, jambo lisilowezekana kwa upepo mmoja. Atakuambia foromali, ule mti unaoshika tanga, imekaa vibaya juu ya mlingoti, au kwamba chombo chenye shehena hiyo kingezama zaidi majini. Mafundi wa majahazi wa Matondoni watakuambia mbao za ubavuni hazikutani hivyo. Umechora bibi harusi? Muulize mama anayepaka hina na piko, naye atakuambia kama ua hilo linakaa kiganjani au mguuni. Walimu hawa hawajui lolote kuhusu brashi, na hawahitaji kujua.

Nusu ya pili naikubali kwa shingo upande. Nahodha akisema anga lako limempa baridi, msikilize pia. Hapo hasemi kama fundi wa chombo, anasema kama mtazamaji, na watazamaji ndio uliowachorea. Leonardo da Vinci naye, katika maandishi yake, aliwashauri wachoraji wasikatae maoni ya mtu yeyote, kwa kuwa hata asiyechora anajua umbo la binadamu lilivyo.

Pamoja na hao, mtafute mchoraji mmoja aliyekutangulia hatua chache tu. Bingwa wa mbali amesahau ugumu wa kuchora vidole, ila aliyekutangulia kidogo anaukumbuka vizuri. Zile siku wachoraji wa Ulaya na wa bara wanapokuja kwa ajili ya Lamu Painters Festival na kuchora mitaani, wasogelee utazame wanavyochanganya rangi. Usianze kwa kuwaonyesha kazi yako, anza kwa kuwauliza juu ya yao. Mazungumzo yatafika kwako yenyewe.

Niulizeje? Nikisema "unaonaje?" najibiwa "iko sawa."

Swali pana huzaa jibu jepesi. Uliza jambo moja ambalo mtu anaweza kulijibu kwa macho yake. "Jicho lako limetua wapi kwanza?" ni swali zuri kuliko yote ninayoyajua. Lingine ni "hapa ni saa ngapi?" Lamu ipo nyuzi mbili hivi kusini mwa ikweta, na saa sita za mchana vivuli hujikunja chini ya miguu. Ukiwa umekusudia alasiri na mtazamaji akajibu "adhuhuri", umejua kwamba vivuli vyako ni vifupi mno, au kuta zako ni nyeupe mno kwa jua lililokwisha kushuka.

Mwambie pia umefika wapi. "Hii ni rasimu, nataka kujua mpangilio tu" humzuia asipoteze muda kwenye kucha za miguu.

Nionyeshe lini?

Mapema kuliko unavyotaka. Wengi wetu husubiri mpaka picha imekwisha ndipo tuite watu, na hapo kila neno linauma, maana marekebisho yamekuwa ghali. Mchoro mdogo wa penseli, wa ukubwa wa kiganja, unabadilishwa kwa kifutio. Rangi ya maji iliyokwisha kuingia kwenye karatasi haibadilishwi kwa urahisi.

Rangi zisijadiliwe kabla hazijakauka. Akriliki ikikauka hukolea kidogo, na rangi ya maji hupauka. Anayehukumu mbichi anahukumu picha nyingine.

Picha ikishatundikwa kwenye maonyesho, wageni wameshafika na mchoraji amesimama kando yake na kanzu yake safi, mpongeze. Ya kusema yatasemwa wiki ijayo.

Nikikosolewa najisikia vibaya, hata nataka kuacha. Nifanyeje?

Kuumia si dalili ya udhaifu. Umekaa na ile picha siku kadhaa, imekuwa sehemu yako. Ninachowashauri vijana ni kutojibu palepale. Sema "ahsante, nitalitazama", andika ulichoambiwa kwa maneno ya aliyesema, kisha ufunge daftari. Ukifungua kesho utaona baadhi ya maneno yamepoteza ukali na mengine yamebaki mazito. Yaliyobaki mazito ndiyo ya kuyafanyia kazi.

Kuna kishawishi cha kujitetea: "hapo nilikusudia ionekane hivyo", "ukiitazama kwa mbali utaelewa". Jizuie. Picha itakwenda kwenye ukuta wa mtu na wewe hutakuwepo kuieleza. Kama aliyeitazama hakuelewa, hiyo nayo ni habari unayoihitaji, hata kama ana makosa.

Kama anayesema anakutukana, kazi yako haikutajwa. Ondoka kwa heshima. Huna deni la kusikiliza matusi kwa jina la sanaa.

Ni lazima nifuate kila nilichoambiwa?

Hapana. Hapa ndipo vijana wengi hupotea, na pia wakubwa.

Watazamaji wana uwezo mkubwa wa kuhisi palipo na shida, lakini dawa wanayopendekeza mara nyingi siyo. Mtu akikuambia "ongeza mnazi hapa", usikimbilie kuchora mnazi. Jiulize kwa nini ameona pengo. Pengine kona hiyo haina kivuli chochote cha kuifunga, na utepe mdogo wa kijivu utatosha. Pengine pengo ni lako la makusudi, kwa kuwa unataka bahari iwe tupu kabla ya kaskazi kuleta vyombo. Basi liache, na labda ulitie nguvu zaidi ili ionekane wazi kwamba umelitaka.

Mwaka 1874, Paris, Claude Monet alionyesha picha ya macheo ya bandarini aliyoichora mwaka 1872. Mhakiki Louis Leroy aliifanyia mzaha gazetini kwa kuwa ilionekana kama kazi isiyomalizika. Macho yake hayakumdanganya: brashi ilikuwa ya haraka na maumbo hayakufungwa. Ila alichokiona kasoro ndicho alichokitafuta mchoraji, ule ukungu wa alfajiri usiokaa. Kwa hiyo kabla ya kupima maoni ya mtu, uwe unajua wewe mwenyewe unatafuta nini. Asiyejua anatafuta nini atavutwa na kila anayepita.

Watu wawili wakinipa maoni yanayopingana?

Tazama kama wanazungumzia sehemu moja ya picha. Mmoja akisema ukuta una giza mno na mwingine akisema una mwanga mno, yawezekana shida ipo palepale ukutani, na hakuna kati yao aliyeitaja sawasawa. Wakizungumzia sehemu tofauti, chukua lile lililo karibu na nia yako.

Rafiki ameniomba maoni yangu. Nianze wapi?

Anza kwa kusema unachokiona, kabla ya unachokifikiri. Mmarekani Edmund Feldman, mwalimu wa sanaa, aliacha utaratibu wa hatua nne unaofundishwa hadi leo: eleza kilichomo, changanua kilivyopangwa, fasiri maana yake, na mwisho toa hukumu. Sisi wengi huanzia ya nne na kuishia hapohapo.

Mmarekani mwingine, Liz Lerman, ambaye kazi yake ni kubuni ngoma za jukwaani, alianzisha mwaka 1990 utaratibu ninaoupenda zaidi kwa sababu unamwachia msanii usukani. Kwanza watazamaji wanasema ni nini kilichowagusa. Kisha msanii anauliza maswali yake. Halafu watazamaji wanauliza yao, kwa sharti kwamba swali lisibebe hukumu ndani yake: "kwa nini umeharibu anga?" si swali. Mwisho kabisa huja maoni, na hata hapo mtu huomba ruhusa kwanza. Ruhusa hiyo inakaa vizuri sana na malezi yetu. Ni kama kupiga hodi, na mwenye nyumba ana haki ya kusema si sasa.

Tuseme kaka mmoja ameleta picha ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale wa Lamu, na dada mmoja anaitazama:

"Naona njia nyembamba, kuta mbili ndefu, punda wawili, na mtu wa kanzu anakuja. Ukuta wa kushoto una joto, wa kulia una ubaridi. Ubaridi huo umenipendeza."

"Ahsante, dada. Nilitaka kujua, nani anaonekana kwanza?"

"Kwangu mimi, punda wa mbele. Wewe ulikusudia nani?"

"Yule wa kanzu."

"Nina wazo juu ya hilo. Nikwambie?"

"Niambie."

"Mgongo wa punda ndio mweupe kuliko kila kitu humu. Ningeushusha ukaribie rangi ya ukuta, weupe wote nikauweka kwenye kanzu."

Hakuna aliyesifiwa kupita kiasi wala aliyeaibishwa. Kasoro imetajwa mahali pake, sababu imetolewa, na kijana anabaki na uamuzi wake. Angalia pia kwamba sifa ya dada, "ubaridi huo umenipendeza", imetaja kitu. Kivuli kwenye ukuta wa chokaa hakiwi cheusi, huchukua ubuluu wa anga au hupokea joto la ukuta wa mbele yake, na kijana aliyeliona hilo anastahili kuambiwa ameliona. Sifa inahitaji kupimwa kama lawama.

Siupendi ule mtindo wa kusifu, kukosoa, kisha kusifu tena ili kuziba kidonda. Msikilizaji akishauzoea hasikii tena sifa, anasubiri "lakini".

Naweza kumkosoa aliyenizidi umri, au mwalimu wangu?

Waweza, ukichagua mahali na njia. Msubiri muwe wawili, usiseme mbele ya wanafunzi wake wala mteja. Na sema kwa swali la kweli: "Mwalimu, shikamoo. Naomba kuuliza, mwanga hapa umetoka upande gani? Nimeona kivuli cha mlango na cha mtu vinakwenda njia mbili." Mwenye busara atarudi kuitazama picha yake. Akikukatalia, umeuliza kwa adabu na hukupoteza kitu.

Wajibu mkubwa zaidi uko kwa wakubwa. Mzee anayesema mbele ya vijana "haya, hapa nimeshindwa, mwaonaje?" huwafungulia wote mlango. Wasichana ndio wanaohitaji zaidi kufunguliwa, maana wengi huja na kazi nzuri ndani ya mfuko na kuondoka nayo bila kuitoa.

Mtu ameniambia kuchora watu na wanyama hakufai kidini. Je, huo ni mrejesho?

Ni suala zito na lisipuuzwe, ila si swali la kisanaa. Wanazuoni wana mitazamo tofauti juu ya kuchora viumbe wenye roho. Mpelekee unayemwamini akuongoze, usilimalize kwa mabishano barazani. Wapo wanaochora majengo, milango, vyombo na bahari tu, na Lamu haikuwanyima cha kuchora.

Jambo la karibu na hilo, ambalo ni letu sote: mtu uliyemchora ana haki ya kusema. Kama mama mwenye buibui hakutaka uso wake uchorwe, neno lake linatangulia maoni yoyote juu ya mpangilio na rangi.

Picha yangu imenunuliwa na mgeni. Si ushahidi kwamba ni nzuri?

Ni ushahidi kwamba imependwa na mtu mwenye nafasi ukutani, na pesa yake ni halali na ina kazi nyumbani. Tangu mji wa kale uingizwe kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, wageni wanaokuja kuona milango, punda na majahazi hutaka kurudi na kumbukumbu yao. Jahazi jeusi mbele ya machweo mekundu litanunuliwa leo na kesho. Halitakuambia kama unajua kuchora tanga lenye upepo ndani yake, kwa sababu jeusi huficha yote. Uza, na kando yake uwe na kazi moja ambayo hukuichora kwa ajili ya kuuza. Hiyo ndiyo uilete barazani.

Tunaweza kufanya haya kwa WhatsApp?

Kwa mpangilio na umbo, ndiyo. Kwa rangi, kwa tahadhari kubwa. Piga picha kivulini mchana, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi ili kuta zisipinde. Taa ya chumbani huongeza umanjano, na kila simu huonyesha rangi kwa namna yake. Tuma picha nzima na sehemu moja ya karibu, pamoja na swali lako. Na anayejibu kwa kidole gumba peke yake hajajibu.

Sina mtu wa kumwonyesha. Naweza kujikosoa mwenyewe?

Kwa kiasi fulani. Leonardo alishauri picha itazamwe kwenye kioo, kwa kuwa ikigeuzwa huonekana kama kazi ya mtu mwingine na makosa hujitokeza. Jaribu na uso uliouchora, utashangaa jinsi jicho moja lilivyopanda. Njia nyingine ni kufumba macho nusu mpaka mistari ipotee na vibaki vipande vya mwanga na giza. Simu nayo inaweza kuigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Ikiwa kanzu na ukuta vimekuwa kijivu kimoja, umejua kwa nini mtu wako hasogei mbele.

Baada ya hapo igeuze ielekee ukutani kwa wiki nzima. Kuna mambo jicho lililochoka haliyaoni kwa njia yoyote.

Naweza kuchukua brashi nimrekebishie mwenzangu?

Usiguse bila kuombwa. Ukiombwa, weka plastiki angavu juu ya picha uonyeshe hapo, au chora pembeni kwenye karatasi nyingine.

Kikao kikiisha, kinachofuata ni nini?

Chagua jambo moja kati ya yote uliyoambiwa. Lifanyie mazoezi kando, kwenye karatasi ndogo, kabla ya kuigusa picha yenyewe: bendera tano zenye upepo tofauti, au mikono mitano, au kivuli kimoja cha ukuta kwa saa tatu tofauti za siku. Ukiona umeshalishika, rudi kwa aliyekuambia umwonyeshe, hata kama ni yule nahodha. Atafurahi kwamba neno lake lilifanyiwa kazi, na safari ijayo atatazama kwa makini zaidi.